Kuvu iliyoitwa jina la mwenzake

Na Mwandishi Wetu

*Dawa ya fangasi hutegemea jina la fangasi. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki jina hilo huchelewa kufika, na mara nyingine halifiki kabisa.*

Kipimajoto ni kidogo, kinabanwa kwapani. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kichwa amelala bila kujitambua, na waya mwembamba umetoka kwapani mwake hadi kwenye skrini iliyo juu ya kitanda. Nesi hana haja ya kumsumbua, joto linasomeka lenyewe. Mgonjwa akihamishwa, kifaa kinapanguswa na kupelekwa kwa anayefuata.

Ndivyo kazi ilivyokwenda katika chumba cha wagonjwa mahututi wa ubongo na mishipa ya fahamu cha hospitali za Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Kati ya Februari 2015 na Agosti 2017, wagonjwa 70 walikutwa na kuvu iitwayo Candida auris. Kwa wengi ilikuwa imekaa juu ya ngozi tu, haina neno. Kwa 7 ilizama ndani ya mwili na kuleta ugonjwa mkali. Na kati ya hao 70, wagonjwa 66 walikuwa wamepitia chumba kile kimoja.

Wachunguzi walisaka kila kona. Mazingira ya jumla ya wodi hayakutoa kitu cha maana. Usafi ukaongezwa, masharti yakakazwa, na bado wagonjwa wapya wakaendelea kupatikana. Vilipopimwa vifaa vinavyotumiwa na mgonjwa zaidi ya mmoja, kuvu ikaonekana juu ya vipimajoto vya kwapani. Vinasaba vyake vilifanana na vya kuvu iliyotolewa kwa wagonjwa. Vipimajoto vikaondolewa, na hapo ndipo idadi ya wagonjwa wapya ilipoanza kushuka.

Kisa hicho kilichapishwa Oktoba 2018, na madaktari hukisimulia kama hadithi ya upelelezi. Kilichonishika mimi ni jambo dogo lililo chini yake. Upelelezi wote uliwezekana kwa sababu maabara ilijua inatafuta kuvu ipi. Ingekuwa imeandika tu "fangasi" kwenye fomu, au imeandika jina la kuvu nyingine, vipimajoto vile pengine vingeendelea kuzunguka kutoka kwapa hadi kwapa.

Nairobi, miaka mitano kabla

Candida auris ilipewa jina mwaka 2009, baada ya wataalamu wa Japani kuitoa katika sikio la mgonjwa mwanamke jijini Tokyo. Auris ni sikio kwa Kilatini. Wakati huo ilionekana kama jambo la kuandikia makala moja na kusahau: kuvu mpya, sikio moja, basi.

Mwaka mmoja tu baadaye ilikuwa tayari kwenye damu za watu Nairobi. Madaktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan walirudi kwenye kumbukumbu zao za kuanzia Septemba 2010 hadi Desemba 2016, wakahesabu wagonjwa waliokuwa na kuvu za jamii ya Candida ndani ya damu. Walikuwa 201. Kati yao 77 walikuwa na auris, yaani asilimia 38. Ilikuwa imezipita hata zile Candida zilizozoeleka miaka yote. Waliochapisha hesabu hiyo mwaka 2019 wanastahili pongezi, maana hospitali nyingi zingeona aibu kuitoa.

Lakini mwanzoni haikuitwa auris. Mashine ya kutambua vimelea ilitoa jina la Candida haemulonii, ambaye ni ndugu yake wa karibu. Mashine haikuharibika. Ilikuwa na orodha ya majina iliyowekewa kiwandani, na jina la auris halikuwemo. Ni kama karani wa sensa aliyepewa daftari lenye koo za kijiji kizima isipokuwa ukoo wako: anakutazama, anaona sura inafanana na ya jirani, anakuandika kwa jirani.

Kosa hilo lilitokea duniani kote. Juni 2016 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilitoa tahadhari, na moja ya mambo kiliyoziambia maabara ni kwamba mashine ikisema haemulonii, wasiamini haraka.

> Mashine haikuharibika. Ilikuwa na orodha ya majina iliyowekewa kiwandani, na jina la auris halikuwemo.

Kuna tofauti gani, ikiwa zote mbili ni Candida? Tofauti iko kwenye kitanda cha jirani. Auris hukaa hai juu ya plastiki kwa wiki mbili na zaidi. Husafiri kwa mikono, kwa mashine ya presha, kwa reli ya kitanda. Baadhi ya dawa za kusafishia zinazotegemewa hospitalini hazifui dafu mbele yake, inahitaji klorini, ile ile iliyomo kwenye jiki. Na aina nyingi zilizopimwa hazisikii flukonazoli, dawa ambayo katika hospitali nyingi zetu ndiyo ya kwanza kushikwa na mara nyingine ndiyo pekee iliyopo kabatini.

Kwa hiyo fomu ikiwa na jina lisilo lake, mgonjwa atapewa dawa isiyomfaa, na hakuna atakayemtenga.

Ukoo mmoja, majina matano

Sehemu ya tatizo iko kwenye lugha, na hapa simsemi mtu, ni sisi sote. Kiswahili kimeugawa ukoo huu vipande vipande. Mkate ukikaa siku tano wakati wa masika, tunasema umeota ukungu. Mahindi yaliyoanikwa vibaya yana kuvu. Kinachoumua maandazi ni hamira. Kinachochipuka kwenye kichuguu baada ya mvua ni uyoga. Na kinachowasha katikati ya vidole vya miguu ni fangasi. Mtu anaweza kuyatumia maneno yote matano kabla ya saa sita mchana bila kutambua kwamba anataja ndugu wa tumbo moja.

Wanabayolojia huwaweka wote katika himaya yao wenyewe, mbali na mimea. Tena wana undugu wa karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea, jambo ambalo si la kujifurahisha nalo tu. Seli ya kuvu inafanana na yetu kuliko ya bakteria inavyofanana nasi, na ndiyo maana dawa zenyewe ni chache na baadhi ni kali. Amfoterisini B, dawa kongwe ya fangasi za ndani ya mwili, inaijeruhi kuvu lakini huumiza na figo za mgonjwa.

Bustani ya Kew ya London, katika taarifa yake ya mwaka 2023, ilikadiria kuwa duniani kuna spishi milioni 2.5 za kuvu. Zilizopewa majina ya kisayansi ni kama 155,000. Kwa kila kuvu kumi unazozikanyaga ukipita msituni, zaidi ya tisa hazimo kwenye daftari lolote.

Wanaozijua vizuri kuliko wengi hawana shahada. Mchumaji wa uyoga kijijini hatazami umbo peke yake. Anaangalia umeota wapi, kwenye kichuguu au kwenye gogo. Anaugeuza kuona vile vijikaratasi vya chini ya kofia. Anatafuta pete shinani, anaunusa, anaukata kuona kama unabadilika rangi. Akiwa na shaka anautupa. Maabara ya hospitali hufanya utambuzi wa aina hiyo hiyo, ila kwa darubini.

Elimu hiyo ya wachumaji iliwahi kukusanywa. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu cha uyoga wa Tanzania, unaolika na unaodhuru. Mwaka 2008 Donatha Tibuhwa wa chuo hicho hicho na wenzake walieleza uyoga mpya kabisa kwa sayansi kutoka nchini, wakauita Cantharellus fistulosus. Kazi za namna hii hazipigiwi vigelegele, ingawa kila anayejua kutofautisha uyoga mmoja na mwingine ana nusu ya ujuzi unaohitajika kwenye maabara ya fangasi.

Macho, wino na subira

Miaka kadhaa iliyopita niliota choa shingoni. Duka la dawa la mtaani kwangu liliniuzia mafuta, yakaituliza wiki moja, kisha ikarudi kubwa zaidi. Nikauziwa mengine. Ya tatu yalikuwa na steroidi ndani yake, ambayo huficha wekundu na muwasho huku kuvu ikineemeka chini. Nilipofika kwa daktari wa ngozi alikwangua magamba kidogo kwa kisu butu, akayaweka kwenye kioo, akadondoshea tone la potasi. Dakika chache baadaye aliniita nichungulie. Niliona nyuzi zenye matawi, kama mizizi ya mpunga iliyooshwa.

Potasi hulainisha ngozi na kuacha kuta za kuvu zisimame wazi. Ni kipimo cha bei ya soda. Moshi kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika Hospitali ya KCMC, kimefundisha watabibu wa nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo mtaani kwangu mafuta yanauzwa bila mtu kukwanguliwa.

Kipimo kile kinasema kuvu ipo. Kuijua ni ipi ni safari nyingine. Sampuli huoteshwa kwenye kisahani chenye chakula cha sukari na peptoni, chakula kinachobeba hadi leo jina la daktari wa ngozi wa Ufaransa, Raymond Sabouraud. Jamii ya hamira huota ndani ya siku chache. Kuvu za ngozi huweza kuchukua wiki mbili hadi nne, na mgonjwa wa wodini hana wiki nne.

Kuna mbinu za mkato. Candida albicans, ile ya utando mweupe mdomoni mwa watoto wachanga, ukiiweka kwenye seramu yenye joto la nyuzi 37 huchipua kijimkia ndani ya saa mbili au tatu. Wenzake wengi hawachipui. Kuna pia chakula cha rangi: albicans hutoka kijani, tropicalis bluu, krusei waridi. Mtaalamu mwenye jicho anaweza kukuambia mengi kabla mashine haijawashwa.

Ukungu wenye nyuzi hutambuliwa kwa sura. Mtaalamu hubandika utepe wa gundi juu ya koloni, anaubandika kwenye kioo chenye rangi ya bluu, kisha anatazama jinsi spora zilivyopangwa. Mwaka 1729 padri wa Firenze aitwaye Pier Antonio Micheli aliona kuvu ambayo kichwa chake kilimkumbusha kile kinyunyizio cha maji ya baraka anachotumia padri kanisani. Akaiita Aspergillus. Mkatoliki yeyote akiichungulia leo ataelewa alichokiona.

Mashine za kisasa huipiga kuvu kwa leza na kupima uzito wa protini zake. Hutoa jibu kwa dakika, endapo orodha yake ya majina imesasishwa. Juu yake kuna usomaji wa vinasaba, na mwaka 2012 wataalamu wa dunia walikubaliana kipande kimoja maalumu cha vinasaba hivyo kiwe kama namba ya kitambulisho cha kuvu zote.

Vinasaba vimewahi kuwaumbua wakubwa. Pneumocystis, inayoshambulia mapafu ya watu wenye upungufu wa kinga, kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa kimelea cha jamii ya wanyama wadogo wa seli moja. Mwaka 1988 ikabainika ni kuvu. Na auris mwenyewe, baada ya tabu yote ya kumjua, mwaka 2024 wanasayansi walimhamisha ukoo wakamwita Candidozyma auris. Madaktari wengi wanaendelea na jina la zamani, nami naendelea nao.

Kutoka mtini hadi kichwani

Kama kuna kuvu ambayo jina lake likitajwa mapema huokoa watu wengi hapa kwetu, ni Cryptococcus. Hukaa kwenye kinyesi cha njiwa, kwenye udongo na kwenye mashimo ya miti. Zambia watafiti waliipata kwenye miti ya mopane. Mtu huivuta kwa pumzi bila kujua, na mwili wenye kinga huimaliza kimya kimya. Kinga ikishuka, hasa kwa mwenye VVU, huweza kupanda hadi kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo.

Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa watu 152,000 wenye VVU waliougua homa hiyo duniani na 112,000 waliofariki, wengi wao kusini mwa Jangwa la Sahara. Kwa hesabu hizo, karibu mmoja katika kila watano waliokufa kwa UKIMWI alikufa kwa kuvu hii.

Zamani kuitambua kulitaka sindano ya mgongoni na tone la wino mweusi. Ndani ya wino, kuvu ilionekana kama mwezi uliozungukwa na duara jeupe. Ikiwa chache, jicho lilizikosa. Sasa kuna kijiti cha kupimia, mfano wa kile cha mimba, kinachotumia tone la damu na kutoa jibu ndani ya dakika 10. Tena huigundua kuvu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Dar es Salaam ina sehemu yake katika historia hiyo. Utafiti ulioongozwa na Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) uliwafuatilia watu 1,999 wa Dar es Salaam na Lusaka walioanza dawa za VVU wakiwa wamechelewa. Nusu walipata huduma ya kawaida. Wengine walipimwa kuvu hii na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo na wahudumu wa jamii. Vifo katika kundi la pili vilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Tiba nayo imerahisishwa. Majaribio yaliyofanyika nchi tano za Afrika, ikiwemo Uganda katika miji ya Kampala na Mbarara, yalionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, pamoja na vidonge vya wiki mbili, inafanya kazi sawa na dripu za wiki nzima, na madhara yake ni machache. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) likabadilisha mwongozo wake.

> Kijiti cha kupimia kinatumia tone la damu na kutoa jibu ndani ya dakika 10.

"Tibu kwanza" au "pima kwanza"?

Hapa ndipo watu wa hospitali wanapotofautiana, na kila upande una hoja.

Daktari wa zamu anaye mgonjwa anayezama. Majibu ya kuotesha yatachukua siku. Maabara ya wilaya haina kisahani wala mtu aliyefundishwa. Kwake, kuanza flukonazoli usiku huo huo ni busara, kwa sababu kusubiri jina ni kumsubirisha mgonjwa kaburini. Mganga mkuu naye ana bajeti: fedha za mashine moja ya leza zinaweza kununua dawa za malaria za muda mrefu.

Wa maabara wanajibu kwamba kutibu kwa kubahatisha hakuokoi fedha. Mfano wao mzuri ni kifua. Mtu aliyepona kifua kikuu anaweza kubaki na mapango ndani ya mapafu, na Aspergillus ikajenga humo. Anakohoa, anakonda, anatema damu. Picha ya X-ray inatisha. Makohozi hayaonyeshi bakteria wa kifua kikuu, lakini anaanzishiwa dawa zile zile tena, miezi sita mingine. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwapima watu 398 waliokwisha kutibiwa kifua kikuu, wakakuta kama watano katika kila mia wana ugonjwa huu wa kuvu. Dawa za kifua kikuu haziwasaidii hata chembe.

Nikiulizwa mimi, hoja ya daktari wa zamu inakubalika kwa usiku wa kwanza. Kufikia siku ya tano haina nguvu tena. Kuanza dawa kabla ya jibu si kosa, kosa ni kutochukua sampuli kabla ya kuanza. Kijiti cha dakika 10, tone la potasi na seramu ya kuchipulia kijimkia havihitaji mashine ya mamilioni. Vinahitaji mtu aliyefundishwa na darubini isiyo na vumbi.

WHO yenyewe ilichelewa. Orodha yake ya kwanza ya kuvu zinazopaswa kupewa kipaumbele ilitoka Oktoba 2022, ikiwa na kuvu 19. Kwenye kundi la hatari zaidi ziko nne: Cryptococcus neoformans, Candida auris, Candida albicans na Aspergillus fumigatus.

Shambani nako

Hiyo ya nne ndiyo inayotutoa hospitalini na kutupeleka shambani. Aspergillus fumigatus haishambulii mazao. Kazi yake ni kuozesha: majani yaliyoanguka, mbolea ya mboji, vipande vya mti. Spora zake ni ndogo kiasi kwamba kila mmoja wetu huvuta mamia kwa siku. Kwa mtu mzima wa afya si kitu. Kwa mgonjwa wa saratani ya damu aliyelazwa karibu na jengo linalokarabatiwa, vumbi hilo linaweza kumuua, na ndiyo maana hospitali makini hufunika milango kwa plastiki fundi akianza kubomoa ukuta.

Dawa kuu dhidi yake ni za jamii ya triazoli. Tatizo ni kwamba mkulima naye ana triazoli, za majina mengine, anazopuliza kwenye ngano, nyanya na maua. Zinalenga ukungu wa mazao. Fumigatus iliyoko chini ya shina, kwenye masalia yanayooza, inanyeshewa bila kukusudiwa, na zinazosalia ni zile sugu. Upepo ukivuma, spora hizo sugu zinaingia mapafuni mwa mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja cha fangasi.

Uholanzi ndiko jambo hili lilikopigiwa kelele kwanza. Lakini mwaka 2014 kikundi kilichoongozwa na Anuradha Chowdhary wa Chuo Kikuu cha Delhi, India, kilitangaza kuzipata kuvu hizo sugu katika mazingira ya Tanzania. Mwaka 2018 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo kama hayo kutoka kwenye udongo wa Naivasha na Nairobi uliokwisha kuonja dawa za ukungu. Naivasha ni nyumbani kwa mashamba ya waridi yanayopamba meza za Ulaya.

Mkulima asikilizwe pia. Ukungu ukiingia kwenye nyanya wakati wa mvua, shamba linakwisha ndani ya siku chache. Waridi lenye doa halipandi ndege. Anayemwambia aache kupuliza ampe na la kufanya.

Ya kufanya yapo. Kopa ya bluu, ambayo wakulima wa kahawa wanaijua tangu enzi za babu zao, si jamii moja na dawa za hospitali. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) pale Lyamungo imetoa miche inayohimili chulebuni na kutu ya majani, ikipunguza haja ya kupuliza. Na kwenye sumukuvu, ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 na kuzuka Dodoma na Manyara mwaka 2016, silaha mojawapo ni kuvu yenyewe. Bidhaa iitwayo Aflasafe ni Aspergillus flavus isiyotengeneza sumu, inayomwagwa shambani ili iwahi nafasi kabla ya dada yake mwenye sumu. Jina la spishi ni moja kwa zote mbili, na anayeishia kwenye jina la spishi hawezi kuzitofautisha.

Udongo haujawahi kuwa adui tu. Nistatini, matone ambayo mama wengi wamewadondoshea watoto wao mdomoni, ilitoka kwenye bakteria wa udongo wa shamba moja la Virginia, Marekani. Kati ya wanasayansi wawili walioigundua, Elizabeth Hazen alikuwa New York, Rachel Brown alikuwa Albany, na sampuli zilisafiri baina yao kwa posta ndani ya mitungi ya kioo. Waliitangaza dawa hiyo mwaka 1950 na kuipa jina la jimbo lao.

Auris alitoka wapi?

Swali hilo bado linawagawa wataalamu. Mwaka 2019 Arturo Casadevall wa Marekani na wenzake walitoa wazo kwamba joto la dunia linaifunza kuvu. Kuvu nyingi haziwezi kuishi katika joto la mwili wa binadamu, hiyo imekuwa ngome yetu. Mazingira yakipanda joto kidogo kidogo, zile zinazozoea zinaukaribia mwili wetu. Wanaopinga wanauliza kwa nini auris aliibuka mabara kadhaa kwa wakati mmoja akiwa na vinasaba tofauti, na wananyooshea kidole matumizi ya dawa na safari za wagonjwa.

Chowdhary, yule yule wa udongo wa Tanzania, alikwenda kumtafuta nje ya hospitali. Mwaka 2021 yeye na wenzake walieleza kumpata katika visiwa vya Andaman, kwenye ufukwe wenye watu na kwenye kinamasi cha maji chumvi kisichofikiwa na watu. Mmoja wa waliotolewa kinamasini alikuwa dhaifu mbele ya dawa na aliota polepole kwenye joto. Huenda ndivyo auris alivyokuwa kabla ya kuingia wodini.

Sisi tuna pwani ndefu ya mikoko na chumvi, kuanzia Lamu hadi Mtwara, na hospitali zilizo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ufukweni. Kupima tope la mikoko si kazi ya gharama kubwa kwa chuo chenye kisahani na mwanafunzi mwenye ari.

Kwako msomaji, ikiwa una mgonjwa wodini na fomu ya majibu imerudi na neno "fangasi" peke yake, muulize daktari kwa adabu: fangasi gani, na inasikia dawa ipi? Uliza siku hiyo hiyo. Visahani vya maabara hutupwa baada ya siku chache.